Giraffe Centre na Giraffe Manor, Lang'ata: maswali ambayo kila mtu huuliza kabla ya kwenda

Likizo za shule zikikaribia, ama mtu akipata wageni kutoka ng'ambo, maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyakusanya hapa mahali pamoja. Mimi ni mtu wa Nairobi tu mwenye kupenda hapo mahali, sifanyi kazi kwao, kwa hivyo bei na masaa hakikisha kwenye tovuti yao kabla hujatoka nyumbani.

Kwani Giraffe Centre na Giraffe Manor si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na hapa ndo wengi wanapotea. Shamba ni lile lile, twiga ni wale wale, lakini wenyewe ni wawili na mageti ni mawili. Centre iko chini ya AFEW Kenya, shirika la kuhifadhi wanyama lisilo la faida, pale unalipa tiketi kama vile unavyolipa kuingia mbuga yoyote. Manor ni hoteli ya kampuni binafsi, vyumba 12 tu, na huingii bila buking. Sasa twiga wao hawana habari na mambo ya wenyewe, asubuhi wanapitia madirishani mwa hoteli kuomba kiamsha kinywa, wakishiba huko wanatembea polepole hadi kwenye jukwaa la Centre kuendelea kula, jioni wanarudi Manor saa ya chai. Kwa hivyo yule twiga uliyemwona Instagram ameingiza shingo dirishani juu ya meza ya mtu anakula mayai, huyo huyo ndo atakulamba mkono saa nne asubuhi kwa tiketi ya kawaida.

Naweza kuingia Manor nipige picha tu halafu nitoke?

Hapana. Hata ukivaa vizuri, hata ukimbembeleza soja. Jumba ni la wanaolala. Lakini ukipanda jukwaa la Centre uangalie ng'ambo ya uwanja utaliona vizuri tu, kuta zimefunikwa na mimea inayotambaa, paa limechongoka, na mara nyingi twiga anapita katikati yako na jumba, kwa hivyo picha unapata, labda ile ya sahani na mayai ndo utaikosa.

Na kulala ni pesa ngapi?

Kaa chini kwanza. Bei hubadilika na msimu lakini inavuka dola elfu moja kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, chakula ndani, na watu wanabuki mwaka mzima kabla. Mimi maoni yangu ni kwamba kama hizo pesa haziumi, lala, si kitu cha kukejeli, ni jumba la maana na kuamka ukute kichwa cha twiga dirishani si jambo unaloliona kila mahali. Lakini kama unachotafuta ni kumwona twiga karibu, usijinyime karo ya mtoto, Centre inatosha kabisa.

Hilo jumba lilijengwa na nani?

Lilijengwa mwaka wa 1932 na mzungu mmoja akiitwa Sir David Duncan. Inasimuliwa kwamba pesa zilitoka kwenye tofi, familia ya tofi za Mackintosh, na alitaka nyumba ya kumkumbusha kwao kwa hivyo akajenga kwa mtindo wa nyumba za wawindaji wa Scotland, mawe mazito, mahali pa kuota moto, madirisha marefu. Shamba lenyewe wakati huo lilikuwa ekari kama 150, likishuka hadi mto Mbagathi. Ukisimama hapo Julai asubuhi na ule ukungu wa Lang'ata utaelewa kwa nini Mskoti alijisikia nyumbani, kuna baridi ya kutosha bana.

Baadaye jumba likapita mikononi mwa watu wengine, likakodishwa, likaanza kuchakaa. Mwaka wa 1974 likanunuliwa na Jock Leslie-Melville na mkewe Betty, pamoja na kipande tu cha lile shamba la zamani. Jock alikuwa mjukuu wa Earl mmoja wa Scotland, makazi yake Kenya, na Betty alikuwa Mmarekani wa Baltimore. Hawa ndo familia ambayo watu wanamaanisha wakisema jumba la familia, kwa sababu twiga walikuja wakati wao.

Jock alifariki 1984 na hapo ndo Betty akaanza kupokea wageni wa kulipa ili nyumba ijitegemee. Mwenyewe Betty alifariki 2005 huko kwao Marekani. Kwa miaka kadhaa mwanawe Betty na mkewe ndo waliendesha hoteli, halafu mwaka wa 2009 ikanunuliwa na akina Carr-Hartley wa The Safari Collection, ambao ndo wako nayo hadi leo.

Twiga wenyewe walitoka wapi? Ama walikuwa hapo tangu zamani?

Hili ndo swali napenda zaidi, na ajabu ni kwamba wageni wengi huondoka bila kuliuliza.

Akina Leslie-Melville walipohamia pale walikuta madume matatu ya twiga yakizurura kwenye shamba, twiga wa Kimaasai wa kawaida, wakawapa majina Tom, Dick na Harry. Lakini wale waliolifanya jumba likajulikana dunia nzima ni aina nyingine, twiga wa Rothschild, na hao walitoka mbali, upande wa Soy, kule karibu na Eldoret.

Huko Soy kulikuwa na ranchi kubwa ya mzungu, ekari kama elfu 18, na ndani yake ndo walikuwa wamebaki twiga wa Rothschild wa Kenya, kama 120 hivi. Serikali ikanunua ile ardhi ili iwagawie maskwota. Sasa tafakari mambo yalivyokuwa, watu walikuwa wanahitaji shamba la kulima na hiyo ni haki yao, hakuna mtu wa Rift Valley atakueleza vingine, lakini ukigawa ranchi iwe vishamba vya ekari chache na kila mtu apande mahindi, twiga ataishi wapi? Atakula mahindi ya nani, na mwenye mahindi atafanya nini? Kila mtu aliona kwamba wale twiga wangeisha.

Betty na Jock wakaomba ruhusa ya kumchukua ndama mmoja, wakamleta Lang'ata wamlee. Huyo ndo Daisy. Akafuata dume jina lake Marlon. Watu wengi waliamini twiga wa kutoka porini hawezi kulelewa nyumbani akapona, hawa wakapona, na ile hadithi ikaenda sana Marekani, vitabu na hata filamu ya televisheni, na huko ndo pesa zikaanza kuingia. Wakaanzisha lile shirika, AFEW, na kwa zile pesa pamoja na serikali wakahamisha wale twiga wengine wa Soy, wakawapeleka sehemu nne zilizohifadhiwa: Ziwa Nakuru, Ruma kule Lambwe, Nasolot upande wa Pokot, na Mwea. Kwa hivyo ukienda Nakuru leo ukaona twiga wamejaa kwenye ile mikakaya ya njano, wengi chimbuko lao ni Soy.

Mwaka wa 1983 Centre ikafunguliwa kwa watu wote, na lengo la kwanza lilikuwa watoto wa shule wa Kenya, si watalii. Hiyo sehemu ya watalii imekua tu baadaye.

Twiga wa Rothschild ana tofauti gani na hawa wengine?

Mwangalie miguu. Madoa yanaishia magotini, kutoka hapo kwenda chini ni nyeupe tupu, kama mwanafunzi amevuta soksi. Twiga wa Kimaasai ana madoa yaliyochanika kingo kama majani na yanateremka mguuni hadi chini. Yule wa kaskazini, wa Samburu na kule, madoa yake yamenyooka kama wavu uliosukwa na mtu mwenye subira. Kenya tuko na aina zote tatu, na ukitaka kulinganisha siku hiyo hiyo, Nairobi National Park iko hapo jirani na twiga wake ni wa Kimaasai.

Rothschild dume mzee huwa na pembe tano, zile mbili za juu, moja katikati ya paji la uso, na mbili ndogo nyuma ya masikio ambazo lazima utafute. Wanasayansi wengi siku hizi wanamweka kundi moja na twiga wa Nubia, kwa hivyo ukiona jina hilo kwenye mabango usidhani umeletewa mnyama mwingine.

Nafikaje kwa matatu?

Panda namba 24 kutoka tao, inayopita Lang'ata Road kuelekea Karen. Utapita uwanja wa ndege wa Wilson, utapita maduka ya Galleria na Bomas, mwambie konda akushushe kituo cha Hardy. Kutoka Hardy unaweza kutembea, si mbali sana na ni barabara tulivu yenye miti, ama uchukue boda. Ukiwa na watoto wadogo ama nyanya, hiyo sehemu ya mwisho chukua boda au teksi, jua la saa saba halina huruma. Mwenye gari afuate ramani ya simu tu, vibao viko. Wiki endi ondoka mapema, Lang'ata Road ikikamata jam pale Bomas utakaa.

Tiketi inalipwaje?

M-Pesa ama kadi, usitegemee keshi. Mkenya analipa bei ya Mkenya ambayo ni ndogo kabisa ukilinganisha na ya mgeni, lakini beba kitambulisho, maneno matupu kwamba mimi ni wa Kayole hayatoshi getini. Watoto wana bei yao. Chakula cha kulisha twiga kiko ndani ya tiketi, hununui kando.

Watu hulalamika eti mgeni analipishwa mara nyingi zaidi. Mimi sioni ubaya. Pesa ya mgeni ndo inawezesha mtoto wa shule ya Kibera aje bure au karibu bure.

Saa ngapi ni nzuri?

Wanafungua saa tatu asubuhi, wanafunga saa kumi na moja jioni, kila siku. Nenda saa tatu kamili, siku ya kazi. Twiga bado wana njaa, jukwaa liko wazi, na jua linapiga kutoka upande mzuri kwa picha. Jumamosi saa nane mchana utakuta mabasi matatu ya shule, watalii wa vani, harusi inapiga picha, na twiga wameshiba wamekupa mgongo wanaenda kivulini, utatingisha kibakuli chako mpaka uchoke. Wahudumu huwaita kwa majina, na kama twiga hataki, hataki.

Kuwalisha kukoje? Mtoto wangu ni mwoga.

Unapewa peleti, vijiti vidogo vya nyasi zilizosagwa na nafaka na molasi, vinanuka kama chakula cha ng'ombe wa maziwa, kwa sababu karibu ni kitu kile kile. Jukwaa limeinuliwa mpaka macho yako yanakutana na macho ya twiga, na hapo ndo watu wazima wengi hunyamaza, kwa sababu kile kichwa ukikiona kwa mbali unakidhania ni kidogo halafu kinakuja, kinakuja, na ni kirefu kama mkono wako mzima, kope ndefu kama za kubandika. Halafu ulimi. Ulimi wa twiga unafika karibu nusu mita, rangi ya zambarau iliyoiva karibu nyeusi, una mikwaruzo juu na ute mwingi unaonata. Peleti moja moja, kati ya vidole, au kiganja wazi, anaipokea kwa upole sana, hata hakugusi na meno. Mbele juu hana meno hata, ana ufizi mgumu kama ng'ombe na mbuzi.

Mtoto mwoga mwache aangalie kwanza, asilazimishwe, kwa kawaida dakika kumi zikiisha ndo yeye unamvuta muondoke. Na kuna ngiri wanaopita chini ya jukwaa kuokota makombo, na kobe, kuna watoto wanaopenda hao kuliko twiga wenyewe.

Ni kweli twiga hupiga watu kichwa?

Ni kweli. Twiga madume hupigana kwa shingo, kichwa ndo nyundo yao, na hata yule mpole anaweza kukupiga kumbo akiudhika. Kinachomuudhi sana ni mtu kumchezea, unamwonyesha peleti halafu unarudisha mkono ili mwenzako apate selfii, ama unasimama mbele yake na kibakuli kimeisha. Ukiishiwa, ondoka pale. Usimpe mgongo ukiwa umeegemea ukingo, usimshike uso wala pembe. Wahudumu watakuonyesha yupi ana hasira, na hawatanii, wanawajua mmoja mmoja tangu walipozaliwa.

Na ile ya kumbusu twiga na peleti mdomoni?

Zamani kila mtu alikuwa anaifanya, utaona picha nyingi. Uliza wahudumu siku hiyo wanaruhusu nini. Watakuambia mate ya twiga yanaua vijidudu, hiyo hadithi iko tangu enzi, lakini mimi mdomo wangu nitabaki nao. Huyo mnyama amelamba watu mia tangu asubuhi.

Kuna kitu kingine zaidi ya twiga?

Kuna, na karibu kila mtu anakipita. Ng'ambo ya barabara kuna msitu wao wa asili, na njia ya kutembea inayoteremka upande wa mto Gogo. Tiketi yako usiitupe kwa sababu ndo ya kuingilia. Ni msitu kama ule uliokuwa umefunika Lang'ata yote kabla ya nyumba, mihugu na mikinduri, giza zuri, ndege wengi. Ukienda polepole unaweza kumwona yule ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu ndani, turako, ambaye akiruka ndo unashtuka kwamba alikuwa amekaa hapo muda wote. Njia si ndefu, chini ya saa moja unamaliza, lakini vaa viatu vya maana, mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza na hautoki kwenye raba nyeupe.

Kama ni mimi naenda twiga kwanza nusu saa, halafu msituni, halafu narudi twiga wakati kundi la kwanza la watalii limeondoka.

Hao ndama huwa wanaenda wapi wakikua?

Hii si zu ya kuweka wanyama milele. Twiga jike hubeba mimba miezi kama 15, ndama anazaliwa akianguka karibu mita mbili chini na baada ya saa moja hivi amesimama. Wakifika umri wa kujitegemea, vijana wengi huhamishwa kwenda porini kwenye sehemu zilizohifadhiwa ili kuchanganya damu na wale walioko huko. Ndo maana unaweza kurudi baada ya miaka mitatu ukakuta uliyempenda hayuko. Tena ni muhimu wasichanganyike na twiga wa Kimaasai, kwa sababu wanazaana vizuri tu na aina ya Rothschild itapotelea humo ndani.

Shule inaweza kuja?

Ndo kazi yao ya kwanza. Mwalimu aandike mapema, muhula wa pili nafasi huisha haraka. Kuna mazungumzo ya mazingira kwenye ukumbi kabla ya kulisha, na kila mwaka wana mashindano ya mazingira ya shule. Ushauri kwa walimu, msilete watoto 200 kwa mpigo halafu mtegemee kila mmoja alishe, gaweni makundi, wengine waanze msituni.

Chakula?

Kuna mkahawa mdogo na duka la zawadi. Chai na vitafunio, bei za Karen. Ukitaka ugali na nyama rudi Hardy au uende Galleria.

Nina siku moja tu, naunganisha na nini?

Ratiba ambayo mimi huwapa watu: saa tatu Giraffe Centre, saa tano uwe Sheldrick kwa watoto wa tembo walioachwa yatima, pale wanaruhusu wageni saa moja tu, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima ubuki kabla, usiende getini ukijaribu bahati. Mpangilio huu ni wa gari au teksi, kwa matatu utachelewa tembo. Baada ya hapo chakula, halafu nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapo, ambayo sasa ni makumbusho. Ukipita mle utaelewa vizuri zaidi hata lile jumba la twiga, kwa sababu ni wazungu wa zama zile zile na ndoto zile zile, mmoja alijaribu kahawa ikamshinda akarudi Denmark 1931, mwaka mmoja tu kabla Duncan ajenge la kwake kilomita chache kutoka pale.

Nairobi National Park usiiweke siku hiyo hiyo kama una watoto. Mtachoka na simba hamtamwona.

Na kama niko na masaa mawili tu kabla ya ndege?

Kama unaruka Wilson, inawezekana kabisa, ni barabara moja. Kama ni JKIA, pitia Southern Bypass, lakini jioni usijaribu. Na nawa mikono mpaka kwenye viwiko, ule ute ukikauka kwenye shati utasafiri nao.